Tumbo Halina Mlango

Kwa miaka sita daftari langu la hospitali lilisema kwamba ninaumwa tumbo. Lilikuwa linadanganya, na aliyelifundisha kudanganya ni mimi. Nalisema mapema ili ijulikane kwamba katika hasira zangu zote sijajisahau; fungu langu ninalo.

Huku kwetu Migori mgonjwa hubeba daftari lake mwenyewe. Unanunua lile la shule, unaandika jina juu, na kila daktari anaongeza maneno yake chini ya maneno ya aliyemtangulia. Daktari kwetu ni yeyote aliyevaa koti jeupe. Yule wa kwanza alikuwa kijana, mlango wake uko wazi, na benchi la wagonjwa liko hatua tatu kutoka mezani kwake. Mimi nilikuwa na mwaka mmoja tu kwenye ndoa. Nilikuwa na moto pale mtoto anapopitia, moto usio na kidonda wala uchafu wala harufu, unaowaka nikikaa kwenye cherehani na kuzidi mume wangu akinikaribia. Nilikuwa nimejifunza maneno ya kusema tangu nyumbani, nikiyarudia njia nzima. Nilipoketi mbele yake nikasema, "Nasikia uchungu huku chini."

"Tumbo ya chini?" akauliza, kalamu tayari mkononi.

Benchi lote lilikuwa limenyamaza. Jirani yangu alikuwa pale, na mwalimu wa shule ya Sabato wa kanisani kwetu. Nikasema ndiyo.

Ndiyo hiyo moja ilinilia miaka. Daktari wa pili alisoma neno la wa kwanza, wa tatu akasoma la wa pili, na hakuna aliyeona haja ya kuniuliza upya. Nilitibiwa homa ya matumbo. Nilitibiwa amiba. Nilitibiwa vidonda vya tumbo, nikakatazwa maharagwe na pilipili, nami pilipili nilikuwa naipenda. Nilipewa dawa za maambukizi kwa mfululizo, wiki mbili, tena wiki mbili, mpaka nikapata kuwashwa ambako sikuwa nako. Nikapigwa picha ya tumbo, nikaonyeshwa: tazama mama, tumbo liko safi. Nilitazama. Lilikuwa safi kweli. Halikuwa limewahi kuniuma.

Hata maombi yalipotea njia. Mzee wa kanisa alikuja nyumbani, akanyoosha mkono juu ya tumbo langu, akalikemea kwa nusu saa. Nilifumba macho nikimwambia Mungu kimoyomoyo ateremke kidogo.

Wanawake wenzangu ndio waliokuwa na ushauri mwingi zaidi. Ukizaa itaisha, waliniambia. Nikazaa, msichana, na nilipomaliza arobaini ule moto ulikuwa unanisubiri mlangoni kama mwenye nyumba. Basi zaa wa pili, wakasema. Mmoja alinipa dawa ya kuua viini, ile tunayosugulia choo, nichanganye na maji ya moto na chumvi, nikae humo kila jioni. Nilikaa. Nilikaa miezi minane, nikiuma kanga, nikiamini kwamba kinachounguza ndicho kinachotibu. Hadi leo nikiisikia harufu ya dawa ile sokoni nabadilisha njia.

Na kazi yangu ni ya kukaa. Mimi ni fundi wa nguo. Cherehani ya kukanyaga haitaki usimame. Nilijifunza kukalia tako moja, nikichoka nahamia la pili, na mafundi wenzangu pale sokoni wakanipa jina, Fundi Tako Moja. Nilicheka nao. Ningefanyaje? Ukikasirikia utani sokoni unapewa jina jingine baya zaidi.

Kuna maneno yanaitwa sehemu za siri. Nimeyafikiria sana maneno hayo huku nikishona, na kadiri ninavyoyafikiria ndivyo yanavyonikera. Siri ya nani? Mume anaijua. Mkunga anaijua, na wanafunzi wake sita walioletwa kutazama nikijifungua wanaijua. Vijana wakigombana stendi wanaitaja kwa sauti ya juu, mchana kweupe, yako na ya mama yako. Mwenye nayo tu ndiye anayekatazwa kuitaja, hata ikiwaka moto. Waswahili husema mficha uchi hazai. Mimi nilificha na nikazaa, lakini nawaambia, nisingeficha ningekuwa nimekula pilipili yangu miaka yote hiyo.

Mume wangu ni dalali wa ng'ombe. Siku za mnada yuko Ogwedhi, anarudi na vumbi na hadithi za Wamaasai. Si mtu mbaya. Lakini mwanamume anayekaribia mke wake na kumwona akikaza meno, mwaka baada ya mwaka, huanza kuhesabu mambo kichwani. Alinyamaza kwanza. Kisha akaanza kulala Ogwedhi hata siku zisizo na mnada. Kisha akamwambia mama yake.

Nyumbani kwao ni nje kidogo ya mji wa Homa Bay, upande wa ziwa. Mimi ni mzaliwa wa kisiwani, Mfangano, kwa hiyo mama mkwe huniita nyar Mfangano, yaani binti wa Mfangano, na anaweza kulitamka jina hilo kama baraka au kama kesi, kutegemea siku. Siku tuliyoitwa ilikuwa kesi. Tulikaa sebuleni: mama mkwe, mume wangu, mimi, na shemeji yangu mkubwa, ambaye ni mwalimu na ndiye msomaji wa ukoo. Nilikuwa nimeambiwa nije na daftari.

Shemeji alilisoma lote. Alisimama kulisoma, kama yuko mbele ya darasa, akitoa Kiingereza cha madaktari na kukiweka katika Kijaluo. Tumbo. Vipimo, hakuna kitu. Tumbo. Picha, hakuna kitu. Kurasa ishirini na kitu za tumbo ambalo halina kitu. Alipomaliza akalifunga, akasema kwa upole, na upole ule ndio ulioniudhi, kwamba tumbo halimzuii mtu kulala na mume wake.

Mama mkwe alitoa hukumu. Alisema hapendi kumsingizia mtu chira, ule mkosi unaomwandama aliyevunja mwiko, na hapendi kusema kwamba nina mwanamume mwingine huko Migori. Lakini daftari limesema. Mpaka shule zifungwe mwezi wa nne, nipone au niseme ukweli; la sivyo watanirudisha Mfangano kwa baba yangu, na mtoto atabaki kwao. Mume wangu alitazama sakafu muda wote.

Nilitaka kusema. Katika Kijaluo neno nilikuwa nalo, lakini ni neno la kutukania, siwezi kulitoa mbele ya mama mkwe, afadhali nitembee uchi mpaka sokoni. Kwa hiyo nikanyamaza, na kunyamaza kukahesabiwa kuwa jibu.

Niliporudi Migori nilianza kutafuta kwenye simu. Niliandika kwamba tumbo la chini linaniuma nikiwa na bwana. Nikaletewa wauza mizizi, wauza mafuta, na mhubiri mmoja. Nikabadilisha maneno, nikabadilisha tena. Siku moja, chini ya tangazo la sabuni ya wanawake, nikakuta mtu ameandika kwamba sabuni hiyo ni moto juu ya moto, na kwamba kuna wanawake wana maumivu yasiyo na kidonda na wana kundi lao la simu. Nikaomba kuingia. Swali la mlangoni lilikuwa fupi: unaumwa wapi?

Nikaandika: tumbo.

Jibu lilikuja kabla sijamaliza pindo la sketi niliyokuwa nashona. Hili si kundi la tumbo, dada, kila la heri. Nilishikwa na hasira ambayo sijui ilikuwa imejificha wapi miaka yote. Madaktari walininyima, wakwe wakaninyima, sasa na watu nisiowajua? Nikaandika: mnataka nitukane ndiyo mjue naumwa?

Ndipo ukaja ujumbe wa sauti. Nilivaa spika za masikio nikasikiliza. Alikuwa mwanamke mtu mzima, Kiswahili chake kimenyooka kama pasi imepita juu yake, anasema yuko Mwanza.

"Mdogo wangu, shikamoo hujanipa, lakini nimekusamehe," alisema. "Sikiliza. Tumbo halina mlango. Wewe unaumwa mlangoni. Unaitwa uke. Si tusi, ni jina, kama pua. Andika nione."

Niliangalia kulia na kushoto, kana kwamba simu ingepaza sauti. Kisha nikaandika herufi tatu. U, k, e. Nikatuma. Nikasubiri dunia ianguke, na kilichotokea ni mteja kuniuliza kama sketi yake iko tayari.

Baadaye nilielewa kwa nini niliweza. Kiswahili kwetu ni lugha ya sokoni na ya ofisi. Hakikunilea. Hakuna bibi aliyenipiga kofi mdomoni kwa neno la Kiswahili. Neno hilo nililiona mara ya mwisho kwenye kitabu cha shule, kando ya mchoro, na mwalimu alilipita haraka. Lilikuwa neno lisilo na mama wala mkwe, ndiyo sababu nililibeba.

Sasa nitasema kilichonikasirisha kuliko vyote. Yule dada wa Mwanza si daktari. Anauza vitenge. Lakini kwa dakika nne aliniuliza maswali ambayo kwa miaka sita hayakuulizwa na koti jeupe hata moja. Inawaka au inachoma? Ukigusa na pamba? Ukivaa suruali? Ukikaa? Mkojo ukipita? Aliniambia ugonjwa una jina refu kwenye vitabu, kwamba unaweza kuwa wa mishipa ya fahamu, na misuli ya sakafu ya nyonga ikawa inajikaza kama ngumi kwa kuogopa maumivu, na kwamba kwa macho huonekani na kitu. Aliniambia kuna wanaopata nafuu kubwa na kuna wanaopata ndogo, na kwamba asingenidanganya. Kisha akaniuliza naoshea nini. Nilimwambia. Akasema maji tu, mdogo wangu, kuanzia leo maji tu. Mimi na yeye tunakunywa ziwa lilelile. Miaka yote hiyo jibu lilikuwa ng'ambo ya maji na hapa wananipiga picha ya tumbo.

Nikawa nashona na spika masikioni kutwa. Wateja walidhani nasikiliza mahubiri, na wengine walinisifu. Nilichokuwa nasikiliza ni mwanamke wa Kitale akieleza jinsi anavyopanda pikipiki akisimama kwenye vikanyagio, na mwenye pikipiki akimuuliza kama anafanya kampeni ya uchaguzi. Nilikuwa nasikiliza mwalimu wa Tanga ambaye husahihisha madaftari akiwa amelala kifudifudi. Tulikuwa tunacheka sana. Hilo sikulitarajia. Dada wa Mwanza, alipojua mimi ni fundi, alisema kikulacho ki nguoni mwako, na kwa mara ya kwanza methali hiyo ilisemwa kwa haki.

Hawakuwa malaika. Mmoja aliingia kutuuzia mafuta ya muujiza, akatolewa. Mwingine, hata hajui mume wangu anafananaje, aliniambia niondoke kwake wiki hiyohiyo. Nilimjibu vibaya na sijaomba msamaha. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kama nina hakika kwamba naumwa.

Nilikata sponji, nikatoboa tundu katikati, nikashonea kitambaa cha maua. Nikakalia matako yote mawili kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi. Mafundi wenzangu waliuliza ni mto wa nini, nikawaambia wa kukalia, nikaendelea na kazi yangu.

Mwezi wa tatu ulikuwa unaisha. Sabato moja mchana, tumetoka kanisani, mtoto amelala, nilimpa mume wangu upande mmoja wa spika za masikio. Nilimchagulia ujumbe wa dada wa Mwanza, ule anaoeleza jinsi mwili unavyojikaza wenyewe hata kwa mtu unayempenda, na kwamba marehemu mumewe alikufa akidhani alichukiwa. Alisikiliza mara mbili. Kisha akaitoa, akaishika mkononi.

"Kwa hivyo si mimi," akasema.

Nilitaka kumpiga. Miaka sita nawaka moto, na yeye alikuwa anajiuguza mwenyewe. Kisha nikaona kidevu chake kinatetemeka, hasira ikachanganyika na huruma, na sikujua nianze na ipi. Nikamwambia kwamba kuna daktari Homa Bay. Mwenzetu mmoja wa Rongo amepita mikononi mwake. Akasema twende.

Safari siielezi. Anayeumwa hapo anajua barabara ni nini.

Kwenye kituo cha daktari huyo unapita kwanza kwa muuguzi anayepima presha na kuandika shida yako. Alikuwa mwanamke wa rika langu, ana kucha nzuri. Akaniuliza shida ni gani. Nikasema, "Uke unauma. Miaka sita sasa."

Aligeuka akatazama foleni, kisha akainama karibu nami kama mtu anayenifunika na leso. "Tumbo ya chini," akasema, si kwa kuuliza, na akaanza kuandika. Alikuwa ananisaidia. Alikuwa ananistiri, jamani, mbele za watu. Kiingereza changu si kikubwa, lakini maneno yale nilikuwa nimeyatazama kwa miaka sita. Ningeyajua hata yakiandikwa kwa majivu.

"Dada, naomba hiyo kalamu," nikasema.

Hakunipa. Aliniambia daftari huandikwa na wafanyakazi. Nikamwambia wafanyakazi wameliandika vya kutosha, na kwamba daftari ni langu, nililinunua dukani. Nilikuwa nimepandisha sauti. Foleni ilikuwa imenyamaza, kama lile benchi la kwanza, ila safari hii mume wangu alikuwa amesimama nyuma yangu na hakusogea. Nikatoa chaki yangu ya fundi kwenye mkoba, ile ya bluu, nikapiga mstari juu ya maneno yake, nikaandika chini yake herufi zangu tatu, kubwa, kama alama ya mahali pa kukata. Muuguzi alinifunga mkono akanipima presha, na ilikuwa juu, na sishangai.

Daktari alifunga mlango. Nalitaja hilo kwa sababu alikuwa wa kwanza. Aliona chaki, akauliza nani kaandika, nikasema mimi. Akauliza maswali yaleyale ya dada wa Mwanza, karibu kwa mpangilio uleule. Kisha akachukua kijiti chenye pamba, akaniomba ruhusa kila mahali kabla ya kugusa, na nikawa namtajia maumivu kwa namba, mbili, mbili, tatu, tisa. Kwenye ile tisa nilishika kitanda. Akasimamisha mkono mara moja.

"Hapo," akasema. "Nimeona."

Nililia mpaka akaniachia chumba. Aliporudi alieleza: mtu wa mazoezi ya viungo nitakayemwona kila wiki mbili, namna ya kupumua, dawa ndogo ya mishipa ya fahamu, na subira. Aliandika kurasa mbili. Nikamwomba aandike na Kiswahili chini yake, asije mtu akajifanya hajui maana. Alicheka kidogo, kisha akaandika.

Kutoka pale hadi nyumbani kwa mama mkwe si mbali. Sebule ilikuwa ileile. Niliweka mto wangu wa maua kwenye kiti, mbele yao wote, nikaukalia, nikampa shemeji daftari. Akasimama. Akafungua kurasa za mwisho, akasafisha koo, akaanza kusoma, kisha akakwama katikati ya mstari.

"Hapa ameandika tu mambo ya wanawake," akasema.

"Hakuandika mambo ya wanawake," nikasema. "Soma, shemeji. Tumbo ulilisoma lote."

Alimtazama ndugu yake. Ndugu yake akamtazama. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, mwalimu mzima, mtu wa kusimamia mitihani. Mwishowe ni mama mkwe aliyemwambia asome, na akasoma, kwa Kiswahili, sauti ndogo kama mtoto aliyekosa: maumivu ya kudumu ya uke, mgonjwa anasema kweli. Hayo ya mwisho daktari aliyaongeza mwenyewe, sikumwomba. Shemeji akaweka daftari mezani, akasema anakwenda kuangalia ng'ombe. Mume wangu akamfuata.

Tulibaki wawili. Mama mkwe hajui kusoma. Alilivuta daftari, akalitazama kwa muda, akaniambia nimwonyeshe neno ni lipi. Nikaliwekea kidole, nikamwambia ni wanawake wa kwenye simu walionifundisha kuliandika. Akaweka chake kando ya changu, kidole kilichopara samaki miaka hamsini, akakipitisha juu ya herufi zile taratibu.

Kisha akauliza, bila kuniangalia, kama wale wanawake wa kwenye simu wanachukua na wazee.